Amana ya Mgonjwa: Kuboresha Kazi ya Tiba ni Sehemu ya Dini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, ni nyumba chache za Unguja na Pemba zisizokuwa na mtu wa hospitali. Ikiwa si daktari ni muuguzi, ikiwa si mkunga ni mtoto aliyeko masomoni anayetarajia kuvaa koti jeupe. Na nyumba isiyokuwa na mtu wa hospitali ina mgonjwa, mjamzito au mzee anayewahitaji watu hao. Ndiyo maana tumeona leo tulizungumze suala ambalo wengi hulidhani ni la wizara na vyuo peke yake: je, mfanyakazi wa afya akishapata cheti chake, kuendelea kujifunza na kuitengeneza kazi yake ni hiari, au ni jambo atakaloulizwa mbele ya Mola wake?

Jibu letu kwa ufupi ni kuwa ataulizwa. Kila anayeshika kazi ya tiba ni wajibu wake kuijua kwa kiwango kinachomlinda mgonjwa na madhara, na kubaki katika kiwango hicho muda wote anapoifanya. Sasa tuyaeleze haya kwa dalili zake, kisha tuone kwa vitendo kazi hiyo inaboreshwaje.

HUKUMU YA ANAYETIBU BILA YA ELIMU

Wanavyuoni wamesema kuwa kujifunza tiba ni fardhi kifaya. Wakiwapo wa kutosha, jamii nzima imeepukana na dhambi, na wasipokuwapo wote wana lawama. Lakini aliyekwishaiingia kazi hii, kuijua vyema kunakuwa juu yake ni fardhi ya mtu binafsi, kwa sababu amekwishaipokea amana. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tuzifikishe amana kwa wenyewe. Na ipo amana gani kubwa kuliko mtu kukuachia mwili wake akiwa hajitambui?

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hakujulikana kuwa na elimu ya tiba, basi yeye ndiye mwenye kudhamini madhara yatakayotokea. Hii ni kanuni iliyo wazi: nia njema haimvui mtu dhamana ikiwa hana elimu.

Na kipo kisa alichokisimulia Jabir (R.A.), kilichomo katika Sunan ya Abu Daud. Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamuoni kuwa na ruhusa. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawahesabu waliomjibu kuwa ndio waliomuua, na akafundisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Tuzingatie: watu wale hawakuwa na chuki na mwenzao. Kosa lao ni kujibu wasilolijua wakaacha kuuliza. Ni mara ngapi katika wodi zetu mtu huona haya kumuuliza mwenzake dozi ya dawa, kwa kuchelea kuonekana hajui?

Ibn al-Qayyim, katika mlango wa tiba wa kitabu chake Zad al-Ma'ad, amewagawa matabibu katika mafungu kwa upande wa dhamana. Yupo mjuzi aliyeipa kazi haki yake na mkono wake usikosee, kisha mgonjwa akadhurika. Huyu hana dhamana. Yupo asiyejua akajitia ujuzi; huyu ana dhamana. Yupo mjuzi aliyeruhusiwa lakini mkono ukateleza, kama vile anayetahiri akakata kupita mpaka. Huyu ana dhamana ingawa hakukusudia. Yupo mjuzi aliyejitahidi akakosea katika kuandika dawa. Na yupo mjuzi aliyetenda bila ya idhini ya mgonjwa au msimamizi wake.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Muscat, Oman, mwaka 2004, lililizungumza suala hili hili. Liliamua kuwa daktari anadhamini madhara yaliyompata mgonjwa ikiwa:

1. amekusudia kudhuru;
2. haijui tiba, au halijui tawi la tiba aliloliingilia;
3. hana ruhusa ya mamlaka inayohusika;
4. ametenda bila ya idhini ya mgonjwa au anayesimama mahali pake;
5. amemhadaa mgonjwa;
6. amefanya kosa ambalo wenzake wa kazi hawalifanyi, au amezembea;
7. ametoa siri ya mgonjwa bila ya sababu inayokubalika, au
8. amekataa kutimiza wajibu wake wakati wa dharura.

Muuguzi na mkunga nao wasidhani kuwa maneno haya ni ya madaktari tu. Kila mmoja ni mchunga kwa kiasi cha kazi aliyokabidhiwa. Na tuiangalie nukta ya sita. Kipimo chake ni wenzake wa kazi. Wenzake wakijifunza jambo jipya lililothibiti, naye akabaki na alilosomeshwa miaka ishirini iliyopita, siku moja atajikuta amefanya kosa wasilolifanya wenzake.

WALIOTUTANGULIA WALIIFANYIA KAZI HII MTIHANI

Kumpima mtu wa tiba mara kwa mara si jambo lililotoka Ulaya. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipata habari kuwa mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha asitibu yeyote mpaka apite mbele ya Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu, amjaribu na kumuandikia kazi anayoiweza. Wanahistoria wametaja kuwa waliopimwa walizidi 860, bila ya kuwahesabu waliosamehewa kwa ubingwa wao uliojulikana.

Kabla ya hapo, katika zama za Mtume (S.A.W.) mwenyewe, wanawake wa Kiislamu walikuwa na nafasi yao katika kazi hii. Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) amesimulia, na imo katika Sahih al-Bukhari, kuwa walikuwa wakitoka vitani pamoja na Mtume wakiwapa watu maji na kuwatibu majeruhi. Naye Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipojeruhiwa alipelekwa kwa Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Basi muuguzi wa kike anayetoka usiku kwenda zamu asijione kuwa anafanya kazi duni. Ana watangulizi wema.

MFANO WA KWETU: WODI YA WAZAZI MNAZI MMOJA

Huenda mtu akasema: haya yote ni mazuri, lakini sisi tuna wagonjwa wengi, watumishi wachache na vifaa haba, tutaboresha nini? Tunao mfano wa hapa hapa visiwani.

Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako wakati huo walikuwa wakijifungua wanawake zaidi ya 10,000 kwa mwaka, wakunga na madaktari walishirikiana na watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Copenhagen katika mpango ulioitwa PartoMa, ulioanza mwaka 2015. Walikaa pamoja wakaitazama miongozo ya kimataifa ya kumuangalia mwanamke mwenye uchungu, wakaona mingi haitekelezeki pale ambapo mkunga mmoja ana wazazi kadhaa kwa wakati mmoja. Wakaandika kijitabu chembamba cha kutia mfukoni kinacholingana na hali yao: lini usikilize mapigo ya moyo wa mtoto, lini umwite daktari, lini dripu ya kuongeza uchungu inafaa na lini ni hatari. Kisha kila baada ya miezi michache wakafanya semina fupi, nje ya saa za kazi, kwa hiari ya mtu na bila ya posho.

Matokeo yalichapishwa. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walikuwa 59 katika kila uzazi 1,000 kabla ya mpango. Baada ya mwaka walikuwa 39. Ni kweli utafiti wa kulinganisha kabla na baada hauwezi kuthibitisha kuwa punguzo lote limetokana na sababu moja. Lakini tofauti ya watoto 20 katika kila 1,000 si ndogo, na haikuletwa na jengo jipya wala mashine ya thamani. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufundisha katika Surat Al-Maida, aya ya 32, kuwa mwenye kuokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Basi na apige hesabu mkunga aliyetoa alasiri yake moja kwenda kusoma kurasa chache.

MAMBO YA KUTENDA KILA SIKU

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha, katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) aliyoipokea Muslim, kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha ihsani katika kila jambo, akapigia mfano hata kuchinja: kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Ikiwa mnyama anayechinjwa ana haki ya ihsani, vipi binadamu anayetibiwa? Ihsani hiyo katika hospitali inaonekana katika mambo haya:

Kwanza: usafi wa mikono. Tumefundishwa kuwa anayeamka usingizini asitie mkono katika chombo cha maji kabla ya kuuosha, kwa kuwa hajui mkono wake ulilala wapi. Muuguzi naye hajui mkono wake umebeba nini kutoka kitanda cha kwanza kwenda cha pili. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi maalumu kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, kwa dawa ya kupaka ni sekunde 20 hadi 30. Na glovu hazichukui nafasi ya kuosha. Anayevaa glovu moja akawapitia wagonjwa watatu amejikinga mwenyewe akawadhuru wao.

Pili: kuthibitisha kabla ya kutenda. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Katika kutoa dawa, wauguzi wamefundishwa kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, dozi ndiyo, njia ndiyo na wakati ndio. Hapa kwetu la kwanza linahitaji hadhari zaidi. Katika wodi moja wanaweza kulala akina Fatma Ali watatu. Kuita jina mtu akaitika hakutoshi. Mwambie mgonjwa ajitaje mwenyewe kwa jina lake, la baba na la babu, pamoja na umri au shehia anayotoka, ulinganishe na faili. Na kichupa cha dawa kisomwe, kisitambuliwe kwa rangi ya kifuniko.

Tatu: orodha ya ukaguzi. Wapo madaktari wanaoona kusoma karatasi kabla ya kupasua ni kuwavunjia heshima. Lakini orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Inawataka watu wa chumba cha upasuaji wasite mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka. Wanahakikisha jina, mahali pa kupasua, mzio, na hesabu ya vifaa na vitambaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Bingwa hapungukiwi kitu kwa kukumbushwa. Hata imamu akisahau katika Sala, maamuma humkumbusha kwa tasbihi, na yeye hurudi.

Nne: kuandika na kukabidhi zamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Surat Al-Baqara aya ya 282, inazungumzia kuandika deni. Ikiwa mali imehimizwa iandikwe ili haki ya mtu isipotee, uhai una haki zaidi. Mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni yanatakiwa yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30 uchungu unapokwisha kukolea, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Kuandika namba usiyoipima ni uongo, tena uongo unaoweza kuua. Na anayemaliza zamu asiondoke kwa kupunga mkono. Amwambie mwenzake: huyu ni nani, ana nini, amepewa nini, na anatakiwa kufanyiwa nini na lini.

Tano: kusema kosa linapotokea. Hili ndilo zito kuliko yote. Mtu aliyezidisha dozi hutamani kunyamaza, na wenzake humsitiri wakidhani ni wema. Sitara iliyosifiwa na Uislamu ni kutomfedhehesha mja kwa dhambi iliyo baina yake na Mola wake. Kosa lililomgusa mgonjwa ni haki ya mja, na kulificha ni kumzuia asitibiwe lile lililompata. Wajibu ni kumwambia mkubwa wa zamu mara moja ili mgonjwa aokolewe, kisha mgonjwa au msimamizi wake aelezwe ukweli kwa upole, kisha watu wa wodi wakae walizungumze: limetokeaje, na tufanye nini lisirudi? Kikao kama hicho kikigeuzwa cha kutafuta wa kulaumiwa, mara ya pili hakuna atakayesema. Wakuu wa hospitali wana wajibu wao hapa: amkemee mzembe, lakini amlinde mkweli.

Sita: sitara na idhini. Baraza la Fiqhi lililokutana Brunei mwaka 1993 liliweka utaratibu wa kumtibu mwanamke: aanze daktari wa kike Muislamu, akikosekana daktari wa kike mwaminifu asiyekuwa Muislamu, kisha daktari wa kiume Muislamu, kisha wa kiume asiyekuwa Muislamu, afunue kwa kiasi cha haja tu, na awepo maharimu wake, mume au mwanamke mwaminifu ili isipatikane faragha. Kwa vitendo: pazia livutwe, shuka liwepo, mlango ubishwe hodi kabla ya kuingia, na mama aelezwe atakachofanyiwa kabla ya kuguswa. Haya hayahitaji bajeti kubwa. Lakini mama akitokwa na damu nyingi, asicheleweshwe kwa kumsubiri daktari wa kike asiyekuwapo. Dharura huhalalisha, na uhai hutangulizwa.

Saba: siri. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukitaja ugonjwa, mtaa na umri, wasikilizaji wamekwishamjua mwenyewe. Imepokewa na Abu Daud na At-Tirmidhi kuwa mtu akizungumza na mwenziwe huku akigeuka kuangalia kama yupo anayesikia, maneno hayo yanakuwa amana. Vipi aliyekuonyesha kidonda chake ndani ya chumba kilichofungwa? Kupiga picha ya mgonjwa na kuituma katika kundi la WhatsApp, hata kwa kumuombea dua, bila ya idhini yake, ni khiyana. Hutolewa tu panapokuwa na maslahi yanayozingatiwa, kama kuijulisha mamlaka ugonjwa wa kuambukiza ili wengine wakingwe, tena kwa anayehusika peke yake.

Nane: bahashishi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya Zaka, aliporudi akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume alikasirika na kuuliza kama angelikaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingelimfuata. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Basi fedha anayopewa mtumishi wa umma ili mgonjwa atangulizwe, apewe kitanda au ahudumiwe vizuri si zawadi. Ni rushwa, hata ikitolewa kwa jina la chai. Na anayemuangalia vizuri mgonjwa mwenye kitu akamkalipia fukara, ajue kuwa fukara huyo naye ana Mola anayemsikia.

Tisa: uchovu na hasira. Imethibiti kuwa Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi asihukumu akiwa na hasira, na wanavyuoni wakaambatisha na hilo njaa kali, usingizi na kila linaloishughulisha akili. Mwenye kuhesabu dozi ya mtoto mchanga naye anahukumu. Ndiyo maana hatuoni kuwa ni sifa njema mtu kufanya zamu ya usiku hospitali ya serikali kisha asubuhi akaingia kliniki binafsi bila ya kulala. Rizki ni ya Mwenyezi Mungu, na mgonjwa wa asubuhi ana haki ya akili yako kama wa usiku.

Kumi: fiqhi ya mgonjwa. Mtu wa hospitali Muislamu anaulizwa mambo ya ibada kabla ya sheikh, kwa hiyo ajifunze ya msingi. Ajue kuwa mgonjwa husali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Ajue kuwa asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Ajue kuwa mgonjwa amepewa ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa siku nyingine, ili asimuache mwenye kisukari kuacha au kupunguza dawa kwa kukisia. Na ajue kuwa sindano isiyokuwa ya chakula haifunguzi kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi. Ama yeye mwenyewe akiwa ndani ya upasuaji mrefu na Sala inakaribia kutoka, wanavyuoni wameruhusu ajumuishe Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa dharura hiyo. Asimuache mgonjwa mezani, wala asiifanye ruhusa kuwa mazoea.

WAJIBU WA FAMILIA

Kazi ya tiba haiboreshwi na mtu wa hospitali peke yake. Familia nazo zina sehemu yao.

Mgonjwa anapopelekwa, apelekwe na kadi yake na dawa anazotumia, na wenyeji waseme ukweli kama amekwishanyweshwa dawa za miti shamba. Daktari asiyeambiwa atachanganya dawa mbili zisizopatana bila ya kujua. Mjamzito mwenye dalili za hatari, kama kutoka damu, kichwa kuuma sana, degedege au maji kuvunjika, asisubirishwe nyumbani mpaka baba arudi baharini. Idhini hiyo itolewe mapema, mimba ingali changa.

Muulizeni mtumishi wa afya kwa heshima: dawa hii ni ya nini, na tukiona nini turudi? Ana wajibu wa kujibu. Mkiona amezembea, lalamikeni kwa mkuu wa hospitali au baraza la taaluma yake. Msimpige, msimtukane, wala msimrushe mitandaoni kabla ya kuthibitisha. Na anapofanya vyema, mshukuruni na mumuombee, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu.

Ama wenye watu wa hospitali majumbani mwao, wasaidieni. Mke anayefanya kazi ya ukunga akirudi zamu ya usiku aachwe alale. Binti akitaka kwenda semina alasiri, apatikane wa kumshikia mtoto. Na msimuulize kamwe: leo amekuja nani kliniki, na ana nini? Mnapomuuliza hivyo mnamtaka avunje amana kwa ajili ya mazungumzo ya barazani.

HITIMISHO

Anayetaka kuanza, aanze na dogo lenye kudumu, kwani amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni inayodumu hata ikiwa ndogo. Ajiwekee robo saa kwa siku ya kusoma mwongozo wa kazi yake. Ashike jambo moja kwa mwezi, tuseme kuosha mikono, amuombe mwenzake amuangalie na kumsahihisha. Akutane na wenzake mara moja kwa mwezi kulizungumza tukio moja lililowashinda. Na kila anapoingia wodini aihuishe nia yake, akikumbuka maneno ya Nabii Ibrahim (A.S.) yaliyomo katika Surat Ash-Shu'araa, aya ya 80, kuwa mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu. Mwenye kulikumbuka hilo hatajiona mgonjwa anapopona, wala hatakata tamaa pale alipojitahidi na kadari ikapita.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalinde mama zetu wanapojifungua, na awape wafanyakazi wetu wa afya elimu yenye manufaa, mikono yenye uaminifu na nyoyo zenye huruma. Aamin.

Wallahu a'lam.